Vitwitwi wa Mtwara: subiri maji yakuletee

Ndege wa pwani hafuati jua, hufuata maji. Ukienda kupiga picha Msangamkuu, saa 4 asubuhi siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo), utakuta maji yamepwa na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, ni nukta tu mbali huko kwenye tope. Hata lenzi ya milimita 600 haitakusaidia: joto linalopanda kutoka ardhini hutetemesha hewa, na picha hutoka na ukungu ingawa fokasi ilikuwa sawa. Wengi hapo huilaumu kamera bure.

Pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kama saa 4 na kujaa kama saa 10 jioni, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo siku ya pili na ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa jua likiwa limeshuka. Chagua hizo. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, hujaa asubuhi yenye mwanga mzuri, lakini hayana nguvu ya kuwasukuma ndege mpaka ulipo. Ukikosa jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote. Muulize pia tope linameza wapi.

Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa. Tafuta ulimi wa mchanga utakaozama mwisho, jua liwe mgongoni, utandike gunia ulale kifudifudi, lenzi iwe shibiri moja tu juu ya mchanga. Hapo macho ya ndege yanakuwa kimo sawa na yako, na nyuma yake panalainika. Usimfuate. Maji yatamleta. Akiacha kula akanyoosha shingo, tulia kabisa. Akianza kukimbia, umeshamkaribia mno. Mwezi Machi na Aprili hili lina uzito zaidi, kwa kuwa anaweka mafuta ya safari ya kurudi kaskazini, wengine mpaka Siberia. Kumrusha ovyo ni kumpotezea akiba.

Ndege anayetembea anataka shata (kasi ya kufunga kamera) ya sekunde 1/1000, anayeruka 1/2000, tundu la lenzi f/6.3, ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, ijipange yenyewe. Kwa yangeyange punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), la sivyo weupe wake unaungua na manyoya hayarudi tena hata uhariri vipi.

Ndege wageni huanza kufika Agosti na Septemba wakiwa wamechakaa, kisha wengi huwa wa kijivu. Kabla ya kuondoka, baadhi yao huwa wamegeuka wekundu kifuani. Hizo ndizo wiki za kutunza betri. Tafuta pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa. Kusi ikivuma, wageni wengi hawapo, basi geukia bara, ziwa Rutamba kule Lindi. Ila msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, usibadilishe lenzi karibu na mikorosho: vumbi lile huingia mpaka kwenye kihisi cha kamera.

Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari, ulizia kibali na ada kabla, wala usielekeze lenzi kwenye mitambo ya gesi.

Ukirudi, usifute kamera kwa kitambaa kikavu. Chumvi ikikauka ni punje, na punje hukwaruza kioo. Lowesha kitambaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kamua sana, futa mwili wa kamera kwanza. Kioo kipulizie kwa pampu ya mpira, ndipo ufute.