Kumtafutia mzazi nyumba ya wazee Marekani: vya kukagua kabla na baada ya kusaini

Mara nyingi uamuzi huu huikuta familia hospitalini. Mama ameanguka, nyonga imevunjika, amefanyiwa upasuaji, na siku ya nne ofisa wa ustawi wa jamii anakuja na orodha ya nyumba kumi na kusema kesho anatoka, chagueni. Ndugu wa Columbus, wa Minneapolis na wa Dar es Salaam wanabishana kwenye WhatsApp kama huku si kumtupa mama. Hapana, si kumtupa. Mtu asiyeweza kugeuka kitandani peke yake anahitaji mikono usiku na mchana, na binti anayefanya kazi zamu mbili hana mikono hiyo. Kinachobaki ni kumtafutia mahali ambapo mikono hiyo ipo kweli.

Jueni kwanza mnatafuta nini. Nyumba ya uuguzi, ile wengi huiita nesing homu, ina wauguzi saa 24, na ikipokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) au Medicaid (msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo) inabanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1987. Makazi ya kusaidiwa ni vyumba ambamo mzee anapikiwa, anakumbushwa dawa na anasaidiwa kuoga. Hayo husimamiwa na jimbo, na kanuni za Ohio si za Texas. Kosa linalorudiwa sana ni kumpeleka kwenye makazi ya kusaidiwa mzee anayehitaji watu wawili kumwinua, kwa sababu jengo linapendeza. Miezi michache baadaye uongozi unasema mahitaji yake yamewazidi, na mnaanza kutafuta upya. Ulizeni mapema: hali gani itawafanya mseme mama aondoke? Jibu liwe kwenye maandishi.

Na kama bado anaweza kulala nyumbani, ulizieni kwanza mpango wa PACE, ambao katika majimbo uliopo huwahudumia wenye miaka 55 na kuendelea wanaohitaji uangalizi wa kiwango cha nyumba ya uuguzi: daktari, usafiri, dawa na kituo cha mchana chini ya paa moja. Majimbo mengi pia yana programu za Medicaid zinazoruhusu mtoto kulipwa kwa kumtunza mzazi.

Fedha: hapa ndipo familia nyingi huumia

Medicare haigharamii kuishi kwenye nyumba ya wazee. Inagharamia matibabu na mazoezi baada ya hospitali, hadi siku 100 kwa kipindi kimoja cha ugonjwa. Siku 20 za kwanza mzee halipi kitu. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 anachangia kila siku. Mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50. Baada ya hapo ni mfuko wake, bima yake au Medicaid.

Ili siku hizo zipatikane, Medicare ya kawaida inataka awe amelazwa hospitali rasmi siku tatu mfululizo, na siku ya kutoka haihesabiki. Angalieni neno "rasmi". Mtu anaweza kulala kitandani hospitalini siku nne, akavalishwa gauni na kutundikiwa dripu, huku kwenye makaratasi yupo "chini ya uangalizi" tu. Siku hizo hazihesabiki hata moja. Kwa hiyo muulizeni daktari kila asubuhi: amelazwa au anaangaliwa tu? Mkijua siku ya kwanza, daktari anaweza kuombwa abadilishe. Mkijua siku ya kutoka, mmechelewa. Wenye Medicare Advantage, yaani Medicare inayopitia kampuni binafsi za bima, wana kanuni tofauti: mipango mingi haidai siku tatu, lakini hudai kibali kabla ya kuhama na nyumba iliyo kwenye orodha yao.

Jambo la pili. Nyumba ikisema mama "haendelei mbele" hivyo Medicare inakatwa, msikubali haraka. Tangu maafikiano ya mwaka 2013 katika kesi ya Jimmo, iliyofunguliwa dhidi ya serikali kuhusu Medicare, iko wazi kwamba huduma ya kitaalamu inaweza kuendelea hata kama lengo lake ni kumzuia asidhoofike zaidi. Mtapewa notisi walau siku mbili kabla ya malipo kukoma, na namba ya kukatia rufaa imeandikwa humo. Pigeni kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya kukoma. Rufaa hiyo haina ada.

Medicaid ndiyo inayolipia kukaa kwa muda mrefu, lakini kwa mwenye kipato na akiba ndogo. Katika majimbo mengi mtu asiye na mwenzi hutakiwa asizidi dola 2,000 za akiba. Karibu kila jimbo hukagua miezi 60 iliyopita ya akaunti zake. Hili linazigusa familia zetu kuliko wengine, kwa sababu fedha alizotuma mama nyumbani kujengea, kulipia ada za wajukuu au kuchangia msiba zinaweza kuhesabiwa kama zawadi, na zawadi huleta kipindi cha adhabu ambacho Medicaid hailipi. Wekeni risiti za kila muamala na maelezo ya kila fedha iliyotoka. Shamba au nyumba aliyo nayo Afrika itajwe kwenye fomu. Kuificha ni kosa kubwa zaidi kuliko kuwa nayo. Kabla ya kuhamisha hati yoyote, muoneni mwanasheria wa mambo ya wazee wa jimbo hilohilo.

Kuhusu uhamiaji: mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya Medicaid kamili. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imepunguza makundi yanayostahili kuanzia 1 Oktoba 2026, na mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata green card yumo kwenye hatari hiyo. Kama mzazi wenu ni mmoja wao, fomu ya green card iwe kazi ya kwanza.

Kuchuja majina kumi mpaka matatu

Fungueni tovuti ya Medicare, sehemu iitwayo Care Compare, muandike jina la kila nyumba. Kuna nyota moja hadi tano, lakini nyota ya jumla isiwapumbaze. Ndani yake kuna nyota tatu tofauti: ukaguzi, wafanyakazi na vipimo vya ubora. Sehemu kubwa ya vipimo vya ubora hutokana na ripoti za nyumba yenyewe, kwa hiyo zipeni uzito mdogo. Someni nyota ya wafanyakazi, kisha tafuteni idadi ya wafanyakazi mwisho wa wiki na kiwango cha wanaoacha kazi. Mahali ambapo nusu ya wasaidizi huondoka kila mwaka, mama atashikwa na mikono migeni kila mwezi. Halafu fungueni ripoti za ukaguzi. Kila nyumba ina makosa. Tafuteni yanayojirudia mwaka hadi mwaka, hasa vidonda vya kulalia, dawa kukosewa na kengele kutojibiwa.

Baada ya hapo ni kwenda kuona. Ziara ya kwanza mtapangiwa na ofisa masoko, saa nne asubuhi, na itakuwa nzuri. Ya pili nendeni bila taarifa, Jumapili saa kumi na mbili jioni, chakula kikigawiwa. Simameni kwenye korido dakika ishirini, muangalie taa iliyo juu ya mlango wa chumba ambacho mtu ameita. Hesabuni dakika mpaka mtu aingie. Angalieni pia kama anayeingia anamsaidia mzee au anazima taa na kutoka akisema narudi.

Karibu na lango au kituo cha wauguzi lazima kuwe na karatasi ya siku hiyo inayoonyesha idadi ya wakazi na wafanyakazi wa kila zamu. Isomeni. Tuseme ghorofa ina wakazi 60 na wasaidizi wa wauguzi, yaani CNA, wanne kwa zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Kila mmoja ana watu 15. Zamu yenye urefu wa saa nane ukitoa nusu saa ya kupumzika ni dakika 450, sawa na dakika 30 kwa kila mzee: kulishwa, kubadilishwa nepi, kuoshwa, kuvalishwa, kugeuzwa, kupelekwa chooni. Kula peke yake, kwa mzee wa kiharusi anayemeza taratibu, kunahitaji zaidi ya hizo. Msiseme CNA ni wavivu mkiona chakula kimepoa, hesabu haikubali. Na kama kanisani au msikitini kwenu kuna anayefanya kazi hiyo, muulizeni: ungemlaza mama yako pale unapofanyia kazi? Jibu lake lina uzito kuliko brosha yoyote.

Harufu ya mkojo chumba kimoja asubuhi ni jambo la kawaida. Ikijaa korido nzima mchana, wafanyakazi hawatoshi.

Siku ya kusaini

Mkataba unaweza kufika kurasa hamsini, na mtaupewa wakati mama yuko tayari kwenye kiti cha magurudumu mlangoni. Ombeni nakala siku moja kabla. Sheria ya shirikisho inaikataza nyumba ya uuguzi kudai mtu mwingine adhamini deni kama sharti la kumpokea mzee. Pamoja na hayo, kuna sehemu ya "mhusika mwajibikaji" ambayo watoto husaini wakidhani ni ya namba ya dharura, kisha barua ya deni inakuja kwa jina lao. Msaini kwa niaba tu: andikeni jina la mama, kisha jina lako na maneno kwamba unasaini kama mwakilishi wake chini ya hati ya uwakilishi (power of attorney). Hati hiyo, ya fedha na ya matibabu, iandaliwe akili ya mama ikiwa bado timamu. Akishapoteza kumbukumbu, njia inayobaki ni mahakama, na ni ghali.

Ukurasa wa kukubali usuluhishi badala ya mahakama si lazima kuusaini. Nyumba hairuhusiwi kumkataa mzee kwa sababu hiyo.

Wiki za mwanzo

Ndani ya saa 48 lazima kuwe na mpango wa awali wa matunzo. Tathmini kamili hufanyika ndani ya siku 14, na mpango kamili ndani ya siku 7 baada ya hapo. Hudhurieni kikao, hata kwa simu, mkiwa mmeandika mambo mnayotaka yaingie. Kisichoandikwa kwenye mpango, CNA wa zamu ya usiku hatakijua. Aoshwe na mwanamke. Asipewe nguruwe. Kitanda kielekee kibla, na jiwe la kutayamamia liwe karibu. Chai ya maziwa asubuhi, uji usio mzito, ugali laini akiletewa na familia. Nyumba inatakiwa kufanya juhudi za maana ili chakula kiendane na dini na utamaduni wa wakazi. Mkalimani wa Kiswahili pia ni haki yake bila malipo, na asitumike mjukuu wa miaka kumi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza Kiingereza kwanza na kubaki na lugha aliyolelewa nayo, kwa hiyo bandikeni ukutani kwa herufi kubwa: choo, maji, naumwa, baridi, njaa, na jinsi kila neno linavyotamkwa.

Kila mkienda, funueni soksi. Visigino na kifandugu ndipo vidonda vya kulalia huanzia. Kwa ngozi nyeusi msitafute wekundu kama vitabu vinavyosema. Tafuteni sehemu iliyokoza au yenye zambarau, yenye joto au ugumu kuliko iliyo kando yake. Mkiiona, ombeni muuguzi aje aitazame mkiwepo na aiandike. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kwa ratiba, mara nyingi kila saa mbili.

Angalieni glasi ya maji iko wapi. Msafishaji huisogeza meza ya magurudumu ili apige deki, akaisahau ukutani, na mzee akashinda na kiu huku jagi limejaa hatua tatu kutoka mkononi mwake. Ulizeni uzito wake kila mwezi. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, si uzee. Kuna sababu: meno, kumeza, dawa au huzuni.

Mkimkuta ghafla ana usingizi mchana kutwa, ombeni orodha ya dawa. Dawa za magonjwa ya akili hupewa wazee wanaopiga kelele au kutangatanga, ingawa tangu mwaka 2005 zina onyo rasmi kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Ulizeni inatibu nini, nani amekubali, na lini itapunguzwa.

Nyumba ikitaka kumtoa, kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 30 yenye sababu na njia ya kukata rufaa. Akipelekwa hospitali, ulizeni siku hiyohiyo kitanda chake kitashikiliwa siku ngapi. Malalamiko yasiyosikika kwa mkuu wa wauguzi yapelekeni kwa ombudsmani wa matunzo ya muda mrefu, ambaye yupo kila jimbo, hatozi kitu, na anafanya kazi kwa ajili ya mkazi. Namba yake lazima ibandikwe ndani ya nyumba; ipigeni picha siku ya kwanza.