Uajiri Fundi au Utoe Kazi Nje? Namna ya Kuamua Ukiwa na Biashara Ndogo ya Huduma za Kompyuta

Tiketi, yaani maombi ya msaada ya wateja yanayorekodiwa moja moja, zikianza kukuzidi, swali linakuja lenyewe: niajiri, au niwape watu wa nje? Likiulizwa hivyo kwa jumla, halina jibu. Kuhudumia kompyuta za wateja ni kazi nyingi ndani ya moja. Zipo ambazo lazima zibaki mikononi mwako hata zikiwa ghali, na zipo ambazo kuzing'ang'ania ni kupoteza fedha. Amua kazi kwa kazi.

Hatua ya 1: Soma tiketi zako

Toa tiketi za miezi mitatu iliyopita uzigawe mafungu: zinazojirudia (nywila, printa, barua pepe), zinazohitaji mtu afike kwa mteja, za kitaalamu zinazotokea mara chache kama kuhamisha seva, na zile zinazoingia usiku au mwishoni mwa wiki. Kila fungu liandikie muda uliotumika kweli, simu za kufuatilia zikiwemo.

Kisha jiulize jambo ambalo wengi huliruka: tiketi hii iliisha kwa ujuzi wa kompyuta au kwa kumjua mteja? Chukua lalamiko la "barua pepe haziingii" kutoka ofisi ya uhasibu. Mgeni ataanza kukagua mipangilio ya seva. Fundi anayeijua ofisi hiyo ataangalia kwanza kama sanduku limejaa, kwa sababu anajua skana yao hutuma kila karatasi kwenye anwani hiyohiyo, na mwisho wa mwezi karatasi huwa nyingi. Huyu atamaliza kwa dakika chache; yule atakula nusu ya asubuhi, na mteja ataanza kujiuliza anakulipa kwa nini. Tiketi za namna hii usizitoe nje.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa, si ya mshahara

Saa 40 kwa wiki, kwa wiki 52, ni saa 2,080. Usigawanye gharama kwa namba hiyo. Tuseme likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo vinachukua wiki 6: zinabaki saa 1,840. Tuseme tena asilimia 70 tu ya muda huo ndiyo inayomfikia mteja: ni saa 1,288. Chukua mshahara, kodi na michango unayodaiwa kama mwajiri, bima, kompyuta yake na leseni za programu, jumlisha, ugawanye kwa 1,288. Utaona kila saa inakugharimu zaidi ya mara moja na nusu ya ulivyodhani.

Upande wa mkandarasi nao una gharama zisizoonekana kwenye ankara. Ongeza muda wako wa kumweleza kazi, kukagua alichofanya na kumtuliza mteja aliyejibiwa na sauti asiyoijua. Baada ya hapo ndipo linganisha.

Hatua ya 3: Saa za usiku nunua nje

Hapa sina mashaka. Wiki ina saa 168. Ukigawanya kwa 40 unapata watu 4.2, na hapo hakuna aliyeugua wala kwenda likizo, kwa hiyo unahitaji angalau watano ili simu moja ipokewe saa zote. Biashara ndogo haiwezi. Ujuzi wa nadra nao ni hivyohivyo: mtu wa kuchunguza uvamizi wa wadukuzi mara moja kwa mwaka mlipe kwa kazi hiyo, kisha mwachane.

Hatua ya 4: Linda funguo kabla hujampa mtu kazi

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiharakishe. Mnamo Julai 2021 wahalifu walitumia udhaifu kwenye programu ya Kaseya ya kusimamia kompyuta kwa mbali, wakazifikia kampuni za huduma na kupitia kwao wateja wao. Kaseya yenyewe ilikadiria kuwa biashara zilizoathirika zilikuwa kati ya 800 na 1,500. Anayeshika funguo zako, yaani nywila na ruhusa za kuingia, anashika za wateja wako wote.

Kwa hiyo kila mtu wa nje awe na akaunti yake mwenyewe, yenye uthibitishaji wa hatua mbili, inayofungua wateja anaowahudumia tu. Hifadhi ya nywila iwe yako. Andika sharti la kubadilisha nywila: anayeomba apigiwe kwanza kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu zenu, si ile aliyopigia. Na uwe na orodha ya akaunti za kufunga siku mkandarasi anapoondoka. Zifunge siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Mkataba

Mwanasheria wa nchi yako ausome, lakini mambo matatu uyadai mwenyewe. Kwanza, ruhusa ya mteja: chini ya GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi, kwa mfano, anayechakata data kwa niaba ya mwingine hawezi kumleta mchakataji mwingine bila idhini ya maandishi. Pili, skripti (programu fupi za kurahisisha kazi) na maelezo ya mitandao anayoyaandika mkandarasi yawe mali yako, na hilo liwe kwenye maandishi. Tatu, usimwite mkandarasi mtu unayempangia saa, vifaa na namna ya kufanya kazi. Katika nchi nyingi sheria hutazama uhusiano ulivyo, haitazami jina mlilouita.

Hatua ya 6: Jaribu kwa fungu moja

Toa fungu moja la tiketi, kwa wateja wachache, kwa mwezi mmoja. Usipime kasi ya kufunga tiketi, hasa kama unalipa kwa kila tiketi, kwani zitafungwa haraka hata tatizo likiwa bado lipo. Pima zilizofunguliwa upya, na usome majibu waliyoandikiwa wateja.

Fungu likijaza sehemu kubwa ya wiki ya mtu mmoja kwa miezi mitatu mfululizo, na linahitaji kumjua mteja, ajiri. Mwajiriwa wa kwanza asiwe bingwa wa seva; huyo unaweza kumkodi. Mtafute anayepokea simu kwa utulivu, anayeuliza maswali sahihi, na anayeandika kwenye tiketi kile alichokifanya ili mwingine akisome kesho na kukielewa.