Kabla ya kuweka draiva ya skana

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukitaja draiva, watu wanamfikiria wa lori. Siku moja nilisema skana yetu haina draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na skana, kijana wa ofisi akauliza kama amwite mmoja pale kwenye foleni. Tulicheka, ila mwenye mzigo hakucheka: ankara na cheti cha asili ya bidhaa vilikuwa mezani, na bila kuskaniwa haviingii kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Tangu siku hiyo naanza kwa kuipindua skana nisome kibandiko cha chini. Jina lililo mbele halitoshi. Canon LiDE 30 na LiDE 300 zimepishana sifuri moja tu kwenye karatasi, lakini ni mashine mbili tofauti, kila moja na draiva yake. Andika namba yote, pamoja na herufi za mwisho. Kama umenunua Fujitsu ya mtumba ya safu ya fi, usishangae kupelekwa kwa Ricoh; ndiyo iliyoichukua kampuni iliyokuwa ikizitengeneza, mwaka 2022.

Halafu geukia kompyuta. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua System, usome kama ni ya biti 32 au 64. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Wengi wamehamia huko baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ndipo wakagundua kwamba skana yao kuukuu ina draiva ya biti 32 tu. Hiyo haiingii, hata ukiibembeleza. Ni heri ulijue hilo kabla ya kuchoma bando.

Draiva ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukitafuta ovyo mtandaoni, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mpigo. Mimi sizigusi. Angalia pia programu unayotumia kuskani inataka TWAIN au WIA, njia mbili za programu kuongea na skana, maana ikikosa lugha yake haitaiona skana hata kama draiva imekaa vizuri.

Sasa waya wa USB, na hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilichomeka kwanza, nikadhani nasaidia. Windows ikaitambua skana kwa kubahatisha, ikaiwekea alama ya njano, na draiva halisi ilipokuja ikakuta kiti kimekaliwa. Ikabidi niifute skana kwenye orodha ya vifaa, nichomoe waya, niwashe kompyuta upya, nianze moja. Skana nyingi zinataka waya usubiri: programu yenyewe itakuambia chomeka sasa. Ukifika hapo, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyo cha USB kinachobeba pia kipanya na chaja ya simu.

Ulizia nenosiri la msimamizi wa kompyuta mapema. Akilijua bosi peke yake, na bosi yuko Kampala, utakwama katikati.

Umeme nao: tazama yuniti zilizobaki za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, ikizimika draiva ikiwa nusu, utarudi kwenye kazi ile ile ya kufuta.

Kwa skana ya kioo, toa tepu zote za kiwandani, kisha tafuta swichi yenye alama ya kufuli, kwa kawaida chini au ubavuni. Si zote zinayo. Ikiwa imefungwa, skana itanguruma bila kusogea na utailaumu draiva bure.

Faili uliyopakua iweke kwenye flashi, uandike juu yake jina kamili la skana. Yetu inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.