Nani kasema? Dondoo kwa mnaotafsiri hadithi fupi

Mnaotafsiri hadithi kutoka Kiingereza, mtego wa mazungumzo uko kwenye nani kasema. Kiingereza kinamtenga mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi tu. Kwetu wote ni “alisema”. Mke na mume wakibishana nusu ukurasa, msomaji kashapotea.

Kurudia majina kila mstari kunachosha. Mpe msemaji kazi ya mikono. Tuseme hadithi inatokea soko la Mbuyuni, Moshi:

Mama Neema akausukuma mkungu wa ndizi mshare pembeni. “Hiyo bei ya jana, kaka.”

“Dada yangu, nipunguzie basi.”

“Nikupunguzie, nile nini?”

Hakuna “alisema” hata moja, na kila mtu anajulikana, maana kaka na dada zimebeba mzigo.

Ila amua mapema nani anamwamkia nani. Kijana hamvamii mzee wa Kibosho na swali kavu kavu, hata kama kwenye Kiingereza waliingia moja kwa moja kwenye bei. Wapo watakaosema unaongeza maneno ya mwandishi. Mimi shikamoo naiweka.

Ukimaliza, someni kwa sauti wawili, kila mtu na mhusika wake. Ulimi unapokwama, fumua mstari huo.