Kodi ya Marekani: Tapeli wa Simu na Tapeli Tunayemfahamu

Anayejiita ofisa wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, anakupigia simu akiwa na jina lako kamili na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security, ile inayokutambulisha serikalini. Unadaiwa, anasema, na usipolipa leo polisi wanakuja na makaratasi yako ya uhamiaji yatafutwa. Kata simu. Kwa kawaida IRS huanza na barua ya posta, na haina mamlaka ya kufuta hadhi ya mtu ya uhamiaji. Zile tarakimu si ushahidi, kwani taarifa zilizoibwa huuzwa. Ukibaki na wasiwasi, angalia deni kwenye akaunti yako ya irs.gov, au piga mwenyewe 800-829-1040. Anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi ni mwizi, hakuna mjadala.

Lakini anayetuumiza kimyakimya ni mjaza fomu za kodi wa mtaani, mara nyingi ndugu wa kwetu tuliyeelekezwa na mtu tunayemheshimu. Sheria inamtaka anayelipwa kwa kazi hiyo awe na PTIN, namba ya mjaza fomu inayotolewa na IRS, na atie saini. Akikataa kusaini, au akidai asilimia ya marejesho, yaani kodi unayorudishiwa, ondoka. Wa aina hii hubuni biashara usiyo nayo ili marejesho yavimbe. Wengine huwaandika watoto walioko nyumbani. Mtoto anayeishi Kenya au Tanzania, asiye raia wala mkaazi wa Marekani kikodi, haandikwi kama tegemezi, hata ukimlipia ada kila muhula. IRS ikigundua, deni, riba na adhabu vinakuangukia wewe, maana fomu ni yako.

Usisaini fomu tupu kamwe. Kwenye Fomu 1040, ile ya kodi ya mwaka, soma mistari ya 35b na 35d: hapo ndipo namba za benki zinapoandikwa, na hapo ndipo wajanja huweka akaunti yao. Dai nakala siku hiyohiyo. Wenye kipato cha chini hujaziwa bure na VITA, mpango wa IRS unaotumia watu wa kujitolea.

Omba pia IP PIN kupitia irs.gov, namba ya siri ya tarakimu sita ya kulinda utambulisho wako, inayobadilika kila mwaka. Bila hiyo, mwizi hawezi kutuma fomu ya kielektroniki kwa namba yako ya Social Security.

Kama umeshaibiwa utambulisho, jaza Fomu 14039. Mjaza fomu akibadilisha fomu yako bila idhini, tuma fomu za malalamiko, 14157 pamoja na 14157-A. Na kama ulishasoma namba za kadi ya zawadi kwenye simu, usitupe kadi wala risiti. Pigia kampuni iliyotoa kadi saa hiyohiyo, kabla pesa hazijatolewa.