SOMO: Kumlisha hei ng'ombe wa maziwa kiangazi (soma yote ndipo uulize)

Kila mwaka mvua zikikatika naulizwa lile lile: "Nimenunua marobota, ng'ombe anakula vizuri, maziwa yameshuka. Hei ni mbovu?" (Hei ni majani yaliyokaushwa, robota ni fungu lake lililofungwa.) Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamrudisha huku huku.

Nazungumzia ng'ombe mmoja au wawili wa bandani, chotara wa Friziani wa kilo 400 hivi, huku kwetu Mbeya, Njombe na Iringa ambako kuanzia Mei hadi Novemba huoni mvua ya maana. Mwenye kundi kubwa aende TALIRI Uyole, taasisi ya utafiti wa mifugo, akaongee na wataalamu.

1. Chagua hei ya kijani yenye majani mengi kuliko mashina. Rodesi (nyasi za malisho) iliyokatwa ikianza kutoa maua ndiyo yenyewe. Iliyokatwa mbegu zikiwa zimeshapukutika inajaza tumbo tu. Muuzaji akikukatalia kufungua robota moja ulione ndani, ondoka.

2. Ukungu hapana. Robota likitoa vumbi jeupe na harufu ya uvundo, usilichanganye na zima eti liishe. Wala usimtandikie, atalila.

3. Panga marobota juu ya chaga, mbali na ukuta, paa lisivuje.

4. Toa kamba zote. Kama lilifungwa kwa waya, hesabu vipande: waya ukimezwa unakaa tumbo la pili na unaweza kutoboa hadi kwenye moyo.

5. Badilisha taratibu kwa siku 10 hadi 14. Anza na robo ya hei, zilizobaki ziwe majani mabichi, kisha ongeza. Vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya chakula vinahitaji muda kuzoea.

6. Kiasi: ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Ukimpa kilo 4 za pumba na mashudu, hei iwe kama kilo 10. Pima kwa mzani, maana robota lililofungwa kwa mashine na lililoshindiliwa kwenye sanduku la mbao hayalingani. Gawa mara tatu au nne, na fungu kubwa liwe la usiku. Kumeng'enya majani makavu kunatoa joto mwilini, na baridi ya Juni yetu mnaijua.

7. MAJI. Hapa ndipo nilipoharibu mwenyewe, kwa hiyo someni polepole. Matete mabichi sehemu kubwa ni maji. Ng'ombe akila kilo 50 za mabichi, ameshapata lita kama 40 kabla hajagusa ndoo. Kilo 10 za hei zina lita moja na nusu, basi. Sasa wewe umeondoa mabichi, umeweka hei, na ndoo ni zile mbili za siku zote. Maziwa yenyewe asilimia 87 ni maji, yatatoka wapi? Anahitaji lita 60 hadi 80 kwa siku, yaani ndoo tatu au nne za lita 20. Akipungukiwa anapunguza na kula, mavi yanakuwa magumu yanasimama badala ya kusambaa, na wewe unalaumu hei.

Kuna la pili: baridi. Asubuhi za Julai ambazo umande unaganda kuwa barafu kule Makete na Njombe, ng'ombe anaonja mara moja na kuacha. Ukiona ndoo imejaa unadhani ameshiba maji. Mpe saa nne jua likishatoka, mpe mchana, na mpe mara tu baada ya kukamua maana hapo ndipo hunywa sana. Sufuria moja ya maji moto ndani ya ndoo inatosha kuyafanya vuguvugu.

Onyo: usimwage chumvi kwenye maji ili kumlazimisha, weka jiwe la chumvi pembeni alambe. Aliyekaa na kiu muda mrefu mpe kidogo kidogo. Osha ndoo kila siku. Na kubwa zaidi, maziwa yakishuka usikimbilie kuongeza pumba. Pumba nyingi bila majani na maji ya kutosha zinamletea tindikali tumboni, hapo unamtafuta daktari.

8. Pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti: baada ya lita tano za kwanza, kilo moja kwa kila lita mbili hadi mbili na nusu anazotoa. Pumba yenye ukungu usinunue hata kwa bei ya bure. Sumukuvu inapita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

MASWALI

Mdau wa Igawilo: Mkuu, nimeanza hei jana, leo maziwa yamepungua lita tatu. Nibadili hei?
— Namba 5, halafu namba 7. Umesoma?
Mdau wa Igawilo: Nimepitia juu juu, niko kazini.
— Basi na ng'ombe asubiri utoke kazini.

Mama wa Mafinga: Shikamoo kaka. Mimi marobota siyawezi, nina mabua ya mahindi tu na maganda ya maharage. Nitafika Novemba?
— Marahaba dada. Unafika. Mabua katakata vipande vifupi, changanya na hayo maganda, na kama una mti wa lusina kausha majani yake uongezee, maana mabua yana upungufu wa protini. Ipo pia njia ya urea: kilo 4 ziyeyuke kabisa katika lita 60 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu, funika kwa nailoni isiyopitisha hewa siku 21. Fungua, acha yapigwe upepo usiku mzima ndipo umpe, uanze na kidogo. Urea isiyoyeyuka inaua, na ndama wa chini ya miezi sita asiguse. Mara ya kwanza afisa mifugo wako awepo.

Mzee wa Tukuyu: Wazazi wetu walifuga bila mzani wala hesabu za ndoo.
— Mzee wangu, shikamoo. Walifuga wa kienyeji wa lita moja au mbili, na alikwenda mtoni kwa miguu yake. Huyu umemfungia.

Kijana wa Makambako: Nataka kukausha rodesi yangu mwenyewe. Nitajuaje imekauka ya kufunga?
— Swali zuri. Weka vipande kwenye chupa kavu yenye mfuniko, ongeza chumvi kavu ya mezani, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandana bado ina unyevu, irudishe juani. Ukifunga mbichi robota linapata joto ndani, na ghala linaweza kuungua lenyewe.

Mdau wa Igawilo: Mkuu, robota ni shilingi ngapi?
— Nunua kwa kilo.

Dada wa Uyole: Mabaki ya horini mimi natandikia kuku, kisha yanaenda shamba la viazi.
— Safi, ila ya ukungu yapeleke shambani moja kwa moja. Kuku nao wana mapafu.