Nyuso zimetanuka kwenye runinga mpya? Angalia umbo la picha

Ukishafunga runinga pana ukutani, usifurahie haraka kwamba picha imejaa skrini nzima. Vipindi vingi vya zamani vilirekodiwa kwa umbo la 4:3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, na skrini yako ni 16:9. Runinga ikilazimisha kujaza, kila kitu kinatanuka kwa thuluthi moja kwa upana: nyuso zinakuwa bapa, mpira unakuwa kama yai. Mimi hutafuta gurudumu la gari au saa ya ukutani kwenye picha. Kama si duara kamili, naingia kwenye mipangilio na kuchagua 4:3. Ile mistari miwili myeusi pembeni si ubovu, iache.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma kwa sababu wengi wanalikosa kwa miaka. Runinga nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, hata kwenye vipindi vya HD, yaani vyenye picha kali zaidi. Ukiona maandishi ya chini yamemezwa nusu, badilisha ukubwa wa picha uwe ule usiokuza. Kwenye skrini ya nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, picha ya kipimo hichohicho inakaa nukta kwa nukta, na hata herufi ndogo za matokeo ya mechi zinasomeka bila kukodoa macho.